Kununua maharage ya debe kwa mkulima
Ukinunua maharage ya debe moja kwa moja kwa mkulima, hasa msimu wa mavuno kule Mbeya au Lushoto, usiridhike na rangi wala bei kabla hujang'ata punje moja: ikibonyea na kubaki na alama ya jino, bado ina unyevu na itaota ukungu ndani ya gunia, ilhali iliyokauka vizuri hukatika kwa mlio. Nyumbani yaanike juani siku moja au mbili, yaache yapoe kabisa, kisha uyajaze hadi mdomoni katika dumu lenye mfuniko unaobana, kwa kuwa fukusi hufa wakikosa hewa. Dumu lililojaa nusu halisaidii sana, ndiyo maana mimi hutumia madumu madogo kadhaa na kufungua moja moja.