Regyuleta isikugandie chini
Mnaozamia mabaki ya meli Ziwa Superior, Amerika Kaskazini, msidanganywe na jua la Agosti. Kule chini, kwenye meli kama Kamloops iliyozama karibu na kisiwa cha Isle Royale mwaka 1927, maji ni kama nyuzi 4 za Selsiasi tu, mwaka mzima. Regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, ikiganda humwaga hewa ovyo. Usiipumulie ukiwa bado kwenye boti: unyevu wa pumzi yako ndio unaogeuka barafu. Ukishuka, jaza hewa kwenye suti yako isiyoingiza maji kwa kubonyeza kitufe kidogo kidogo, wala si wakati unavuta pumzi. Ikianza kumwaga, hamia regyuleta ya akiba, funga vali ya mtungi inayolisha ile iliyoganda, ipe muda iyeyuke. Na gesi ya kupumua yenye heliamu usiitie kwenye suti, utatetemeka vibaya kwa baridi. Kwa suti, beba kichupa cha hewa ya kawaida.