Barabara zimefunikwa kwenye QGIS? Angalia mpangilio wa tabaka

Ukifungua ramani ya Dar es Salaam kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, na barabara hazionekani, usiharakishe kudhani data imeharibika. Mara nyingi poligoni (maumbo ya maeneo) za kata zimezikalia juu. QGIS huchora tabaka (layers, yaani seti za data zinazopangwa moja juu ya nyingine) kuanzia chini ya orodha ya paneli ya Layers kwenda juu, hivyo lililo juu ndilo linalofunika mengine. Shika jina la tabaka kwa kipanya uliburute: nukta juu, mistari ifuate, poligoni chini yake, picha ya setilaiti mwisho kabisa.

Ugumu huanza ukishapanga tabaka kwa makundi. Unataka mito ichorwe chini ya barabara na visima juu ya barabara hizo, lakini vyote viko kundi la "Maji" na hutaki kulivunja. Nenda View, Panels, Layer Order, weka tiki kwenye Control rendering order, kisha panga humo. Makundi yako hayaguswi. Ila tiki hiyo ikiwepo, kuburuta kwenye paneli ya kawaida ya Layers hakubadilishi tena mchoro, na hapo ndipo wengi hukwama.

Makutano ya barabara yakikatwa na mistari ya kingo, hilo ni la ndani ya tabaka lenyewe: fungua Properties zake, kisha Symbology, Advanced, Symbol Levels.