Geti la maduka ni hatari? Hesabu kwanza, barua baadaye

Kama kuvuka barabara mbele ya geti la maduka ni hatari na unataka kuandika barua irekebishwe, anza kwa kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu, kama ya Mwanza kwenda Musoma, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barua ikikosea mlango italala kwenye faili.

Simama getini Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Kila dakika 15 piga vijiti: daladala, bajaji, bodaboda, wanaovuka. Bodaboda zinazopita upande usio wao zipe safu yake, maana mvukaji huwa anatazama kulia tu.

Pima upana wa barabara kwa futikamba. Mita 7 mtu mzima huzivuka kwa sekunde 6 hivi. Gari la kilomita 50 kwa saa limeshakula mita 83. Sasa kama daladala inayopakia, au mwamba (na huku Mwanza miamba haiishi), inaficha gari mpaka likiwa mita 40, mvukaji hana muda. Piga picha umechuchumaa, kwa kimo cha mtoto.

Barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa, iombe kitu kimoja tu: kivuko, tuta au kuhamisha kituo. Nakala yako igongwe muhuri.