Mzunguko mmoja, sufuria moja ya maharage

Ukipita kwangu Makorora, hapa Tanga, baada ya alasiri utanikuta barazani nafuma, maharage yakichemka jikoni. Marafiki zangu wengi husema wanatamani kufuma ila hawana nafasi. Mimi nafasi hiyo sijawahi kuipata. Napata robo saa hii na robo saa ile, na vitambaa vyote vya makochi yangu vimetoka humo.

Anza na uzi wa pamba mnene kiasi, wa rangi ya maziwa, na sindano ya kroshia ya milimita 4. Mweusi uache kwanza, vitanzi vyake havionekani jioni. Uzi wa plastiki nao hunata mkononi kwa jasho la kaskazi. Na kama sindano yako ni ya chuma, ifute na kuiviringisha kwenye kitambaa kikavu kila ukimaliza, maana hewa ya bahari huitia kutu, na kutu ikishaingia kwenye uzi mweupe haitoki kirahisi.

Fuma mnyororo wa vitanzi 6, uunganishe uwe duara. Panda kwa mnyororo wa vitanzi 3. Hiyo hesabu kama nguzo ya kwanza. Nguzo inayofuata: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza ndani ya duara, vuta uzi. Sasa una vitanzi vitatu kwenye sindano. Vuta uzi upite kwenye viwili, vibaki viwili pamoja na hicho kipya, kisha vuta uzi tena upite kwenye hivyo viwili. Zikifika nguzo 12, funga mzunguko. Mzunguko wa pili, juu ya kila nguzo tia mbili, ziwe 24. Wa tatu, juu ya nguzo moja tia moja, juu ya inayofuata mbili, ziwe 36. Yaani kila mzunguko unaongeza 12.

Hesabu hiyo usiidharau. Kitambaa changu cha kwanza kiliinuka katikati kama kawa la kufunikia chakula, nami nikakivutavuta kilale, kikakataa. Shangazi akakishika, akahesabu kwa ncha ya ukucha, akaniambia, "Nguzo zimepungua huku, mwanangu. Fumua mpaka hapa." Niliumia, kwani ilikuwa kazi ya siku tatu. Lakini ndivyo: kikiinuka kama kawa, umepunguza, kikifanya marinda pembeni, umezidisha. Fumua mapema, ukiwa bado kwenye mzunguko ule ule.

Ukiitwa ghafla, mtoto analia au mgeni kabisha hodi, usiache sindano kwenye kitanzi, itachomoka. Chomeka pini ya mtandio, ukirudi unaanzia hapo hapo. Kazi yote iweke kwenye kikapu kidogo karibu na mlango. Ikikaa kabatini utaisahau.

Wenye mikono inayopenda ukindu wasuke ukili wa mikeka, wenye macho makali wadarizi kofia. Nazo zinakubali robo saa hizi hizi.

Kitambaa kikiisha, kifue, ukichovye kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ukamue bila kukisokota. Kitandaze juu ya taulo, kivute kwa pini pande zote, kikauke papo hapo. Ua lake litafunguka, kila tundu ulione.

Nami hapa nimefunga mzunguko wa nane, nguzo 96. Maharage yameiva, naenda kutia tui.