Oili ya Uzito Gani? Kusoma Namba za Kopo kwa Hali ya Huku Kwetu

Gereji nyingi za Pwani zina jibu moja: "Huku joto, weka nzito." Ndiyo maana Toyota IST au Probox iliyoundwa kwa 5W-30 inaishia kujazwa 20W-50, na asubuhi ikiwashwa inagonga juu sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Kosa liko kwenye hesabu ya joto. Injini ikishachemka haijali kama iko Tanga au Makambako, kwa sababu thamostati nzima huishikilia kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Hali ya hewa ya nje inahusika zaidi na zile dakika za kwanza.

Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili ikiwa baridi. 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata Makete mwezi wa Julai haifiki huko, kwa hiyo gari litawaka tu. Shida ni kwamba alfajiri ya Dar, nyuzi 25, 20W-50 huwa nzito kuliko 5W-30 zaidi ya mara mbili, na inachelewa kupanda kwenye kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100: 30 ni kuanzia sentistoksi (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 hadi chini ya 12.5, wakati 50 huanzia 16.3. Injini za VVT-i, yaani zenye mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu, husukuma mfumo huo kwa presha ya oili hiyohiyo, kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito mno huweza kuuchelewesha, taa ya injini ikawaka na msimbo P0011 (hitilafu ya muda wa kamshafti), kisha fundi akaanza kubadilisha sensa ambazo hazina kosa.

Anza na kitabu cha gari, au namba iliyochorwa kwenye kifuniko cha oili. Ukiwa na sababu, panda ngazi moja tu. Gari la 5W-30 linalobeba mzigo na kupandisha Kitonga kila wiki linaweza kwenda 5W-40 au 10W-40. Aqua na haibridi nyingine za 0W-20 ziache hapo; ukiikosa, weka 5W-30 na urudi 0W-20 badiliko linalofuata. Dizeli za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser huenda vizuri na 15W-40 ya daraja la ubora CH-4 au CI-4, lililoandikwa kwenye kopo. Foleni na vumbi havitaki oili nzito, vinataka kumwaga mapema: kila kilomita 5,000.

Injini inayokula oili ipime kwanza. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, kagua baada ya 1,000 gari likiwa sehemu tambarare. Ikiwa imepungua lita nzima bila kuvuja, tafuta ringi zilizoganda au sili za valvu. Oili nzito itaficha moshi wa bluu miezi michache, basi. Taa ya oili ikimetameta injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na ikiwa ina moto, kagua kiwango, kisha ifungiwe geji ya presha kabla ya kubahatisha uzito mwingine.

Na kuna gari lililong'olewa thamostati "lisichemshe". Hilo halipati joto la kutosha, kwa hiyo mvuke wa maji na petroli hubaki ndani ya oili. Fungua kifuniko: ukikuta ute mweupe kama mtindi, tazama maji ya rejeta. Yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Yasipopungua, rudisha thamostati. Hapo hakuna namba ya kopo itakayokusaidia.

Kwa 1NZ-FE, ile ya IST na Probox, mwaga injini ikiwa vuguvugu kwa spana namba 14, weka wosha mpya, paka oili kwenye mpira wa filta na uikaze kwa mkono. Ukibadilisha na filta inaingia lita 3.7. Wengi humimina galoni zima la lita 4 ili lisibaki, na oili inapita alama. Weka 3.5, washa dakika moja, zima, subiri tano, kisha ongeza kidogokidogo ukitazama kijiti, na uchungulie chini kama nati inadondosha.