Programu Inapogoma Kusakinika kwenye Windows: Soma Faili la Kumbukumbu Kwanza

Karibu kila ninayemsaidia huwa amekwisha kubofya kisakinishi tena na tena, kana kwamba Windows itachoka na kukubali. Haichoki. Kabla ya kufunga dirisha la kosa, nakili namba yake. Namba 1618 ina maana kwamba usakinishaji mwingine unaendelea, hivyo subiri umalizike au uwashe kompyuta upya. Namba 3010 si kosa hata kidogo, kwani programu imeingia na inangoja kompyuta iwashwe upya. Inayosumbua ni 1603, ambayo hutangaza kosa kubwa bila kusema ni lipi.

Hatua ya pili ni kuhakiki nafasi kwenye diski, na kuhakikisha kwamba programu ya biti 64 haipelekwi kwenye Windows ya biti 32.

Hatua ya tatu ndiyo inayokula muda, nayo ni kuliagiza faili la .msi (aina ya kisakinishi cha Windows) liandike kumbukumbu ya kila linalofanya. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha uandike:

msiexec /i "C:\Kazi\programu.msi" /L*v "C:\Kazi\kumbukumbu.txt"

Badilisha majina yalingane na yako, lakini usiziache alama za nukuu, kwa sababu njia yenye nafasi kati ya maneno huvunja amri nzima. Folda ya kupokea kumbukumbu lazima iwe imekwisha kuundwa. Vinginevyo utapewa kosa 1622, ambalo halihusiani na tatizo lako la awali. Faili litakalopatikana linaweza kuwa na maelfu ya mistari, na kulisoma kuanzia juu ni kujitesa. Lifungue kwa Notepad, utafute maneno "Return value 3" (Windows iliyowekwa katika lugha nyingine huweza kuyaandika kwa lugha hiyo), usimame pale yanapojitokeza kwa mara ya kwanza, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi ni mwangwi wa kosa lilelile. Sasa panda juu mistari kadhaa. Ukikuta kosa 1310, kisakinishi kimeshindwa kuandika kwenye folda iliyotajwa hapo, hivyo kagua ruhusa zake na uhakikishe kwamba akaunti iitwayo SYSTEM ina mamlaka kamili, kwani hata msimamizi akiwa nayo, bila SYSTEM kosa 1603 linaweza kurudi. Ukikuta neno "CustomAction" pamoja na namba ya kosa, kilichoanguka ni kipande kilichoongezwa na watengenezaji wenyewe, na hapo angalia kama programu inahitaji .NET au Visual C++ Redistributable (vifurushi vya Microsoft ambavyo programu nyingi huvitegemea) isiyokuwepo.

Visakinishi vya .exe havifuati amri hiyo, lakini vingi huacha kumbukumbu zao ndani ya %TEMP%, yaani folda ya mafaili ya muda. Panga mafaili kwa tarehe, la karibuni liwe juu.

Programu zinazodai kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) sizipendekezi kwa yeyote. Vilevile, usifute kilichomo ndani ya C:\Windows\Installer kwa kutafuta nafasi, maana Windows hukihitaji inaposasisha au kuondoa programu zilizokwisha kuingia.

Kumbukumbu zikielekeza kwenye mafaili ya Windows yenyewe, endesha kwenye dirisha la amri DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, amri mbili za kurekebisha mafaili hayo, uwashe kompyuta upya na kurudia amri ya hatua ya tatu.