Kabla hujaingia maabara ya kemia ya uchambuzi

Mnaoanza shahada za sayansi ya viumbe, najua mmekuja kwa ajili ya seli, vimelea na jenetiki. Mkiona kemia ya uchambuzi kwenye ratiba, msinune. Mtu wa viumbe asiyeweza kusema damu hii ina sukari kiasi gani, au maji haya yana floraidi kiasi gani, anabahatisha tu.

Koti, viatu vya kufunika, miwani ya kinga: havina mjadala. Ndala ziache bwenini. Pipeti hainyonywi kwa mdomo. Tindikali humiminwa kwenye maji, usigeuze.

Bumu likitoka, nunua kalkuleta ya kisayansi kabla hujafikiria simu mpya. Rudia logi na vizio. Wengi niliowaona wakifeli somo hili hawakufelishwa na kemia; walichanganya miligramu na moli.

Ukishajaza bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, ondoa faneli, maana tone lililobaki humo litakudondokea katikati ya titresheni, yaani wakati unadondosha myeyusho kidogo kidogo na kupima umetumia kiasi gani. Mizani ya desimali nne ifungwe milango yake, na feni izimwe. Ukiipumulia tu, namba zinacheza.

Sasa blanki, yaani maji ya maabara ambayo hayajaongezwa kile unachokitafuta, yanayopimwa kama sampuli nyingine. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipoungulia.

Mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Arusha, mradi wangu ulikuwa kupima floraidi kwenye visima vya kuzunguka Maji ya Chai. Nimekulia upande huo na meno yangu ni ya kahawia kwa floraidi iliyozidi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa tatizo. Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na magadi tunayolainishia maharage nayo huiongeza. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Nilipanda daladala na chupa 12 za plastiki, kwa sababu sampuli za floraidi haziwekwi kwenye kioo. Konda akaniuliza kama nauza gongo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mtambo wa kukeneka maji haukuwa umefanya kazi. Pembeni ya sinki palikuwa na dumu lililoandikwa "distildi" kwa maka peni. Nikalibeba. Nikapima gramu 0.221 za sodiamu floraidi, nikaziyeyusha kwenye lita moja kupata miligramu 100 kwa lita, kisha nikazimua kupata 10 na 1. Hivyo ndivyo viwango, miyeyusho ya kulinganishia sampuli. Blanki, yaani maji yale yale bila kuongezwa floraidi, nikairuka. Jua lilikuwa linazama na nilikuwa na njaa.

Kisima cha nyumbani kikasoma 1. Nikampigia bibi palepale. "Bibi, maji yetu ni salama!" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi meno ya wajukuu zangu yameharibiwa na nini?"

Kesho yake mama mmoja, fundi wa maabara, akafungua daftari langu. Hata hakutazama visima. Alitazama milivolti za viwango nilivyovitengeneza. Elektrodi ya floraidi, kifaa nilichopimia, ikiwa nzima usomaji wake hutembea karibu milivolti 59 kila ukolezi unapobadilika mara kumi. Yangu, kati ya 1 na 10, ilitembea 30 tu. "Blanki iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Akachota kikombe kwenye dumu lile, akapima mwenyewe. Ikapishana kidogo sana na kile nilichokiita 1.

Dumu lilikuwa na maji ya bomba. Mtu alilijaza ili apige deki, akaacha maandishi yalivyo. Na bomba letu lilikuwa na floraidi kama miligramu 3 kwa lita, kwa hiyo "1" yangu ilikuwa 4. Maana yake kisima cha nyumbani nacho kilikuwa 4, si 1. Nilirudia kazi ya wiki mbili, lakini hiyo si kitu. Simu ya pili kwa bibi ndiyo iliyokuwa ngumu.

Kwa hiyo pima blanki kila siku ya kazi, hata kama jana ilikuwa safi. Dumu la maji ya maabara liandikwe tarehe na jina la aliyelijaza. Lisilo na jina, mwaga. Angalia mteremko wa viwango, yaani zile milivolti kwa kila mara kumi, kabla hujagusa sampuli hata moja. Andika kwa kalamu ya wino kwenye daftari, si kwenye kiganja, na ukikosea piga mstari mmoja ili kosa lisomeke. Umeme ukikatika katikati, usiunganishe vipimo vya jana na vya leo kwenye grafu moja. Tengeneza viwango upya. Usinakili namba za mwenzako, hata mkiwa chumba kimoja. Usimtangazie mtu majibu kabla msimamizi hajayapitia. Usile maabara, hata karanga. Na ukitoka, nawa mikono kabla hujashika simu.